AJIRA ZA HOTELI ZA UFUKWENI: HOJA ISIYOJITOSHELEZA

Kila hoteli mpya ya kitalii inapofunguliwa ufukweni, swali la kwanza huwa: itaajiri watu wangapi? Swali hilo ni halali, maana kijana asiye na kazi hashibi nadharia. Lakini kwa mjamaa hilo ni nusu ya swali.

Mwaka 1970, wakati fedha za umma zilipokuwa zikijenga hoteli kama ile ya Kunduchi, Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walizusha mjadala mkali katika gazeti la The Standard. Ndugu Issa Shivji aliukusanya katika kitabu Tourism and Socialist Development, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Ubora wa wakosoaji wale ni kukataa kuhesabu vichwa tu. Ajira ni uhusiano baina ya watu: nani anaamuru, nani anainama, na jasho linamnufaisha nani.

Hata hivyo, hoja ya kasumba ya utumishi, ikisimama peke yake, haimjibu kijana wa Kisiba, wilayani Rungwe. Kwao hakuna bahari. Kuna ziwa la kreta, migomba na chai. Akisikia hoteli imefunguliwa pwani, hufunga safari. Akipata kazi ya kufagia, takwimu za ajira huongezeka kwa mtu mmoja, na shamba hupungukiwa mikono miwili.

Hoteli ikiagiza vyakula kutoka nje, fedha za kigeni huondoka zilikotoka. Ikinunua ndizi, viazi na maziwa ya Rungwe kupitia ushirika, huwapa kazi wengi wasiovaa sare yake. Mwaka 2020 UVIKO-19 ulipozuia safari za ndege, hoteli zilibaki tupu. Mgomba haukungoja mtalii ndipo uzae. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kutuonya tusiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo. Msingi ni watu, ardhi na juhudi.

Kwa hiyo, kiongozi anayealikwa kwenye ufunguzi aulize: Nani anamiliki? Wananchi wangapi wanafundishwa usimamizi, si kufagia tu? Chakula cha jikoni kinatoka shamba la nani? Pasipo majibu hayo, tutakuwa tumeshangilia milango ya hoteli, na mkulima yungali nje.