Mashine Inangoja Nini?

Mjini Likasi, kusini mwa Kongo, kuna mafundi wa kompyuta wa aina mbili, na wateja huwachanganya kwa sababu wote wana bisibisi na wote wana rundo la chaja mezani. Wa kwanza ukimwambia mashine yako inachukua dakika nane kuwaka, anakujibu kabla hujamaliza: "Tuiformati." Anafuta kila kitu, anaweka Windows upya, na kesho yake anakurudishia mashine nyepesi kama iliyotoka kiwandani, bila picha za harusi na bila hesabu za duka. Wa pili anauliza kwanza: "Inachelewa wapi?" Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumsifu.

Swali lake huwakera watu. Inachelewa tu, wanasema. Ningejua wapi, ningekuja kwako? Basi anaiwasha mbele yao, anaweka simu pembeni ihesabu sekunde, na anakunja mikono. Kwanza inatokea nembo ya mtengenezaji kwenye kioo cheusi. Kisha vidoti vinavyozunguka. Kisha mahali pa kuandika neno la siri. Mwisho inakuja picha ya mezani na vialama vyake vyote, lakini ukibonyeza hakuna kinachoitika. Mtu asiye fundi huona hapo kuchelewa kumoja kurefu. Yeye anaona vipindi vinne, na kila kimoja kina mwenyewe. Nembo ya mtengenezaji inapokuwa bado kiooni peke yake, Windows haijaanza kazi yoyote. Kuifuta Windows kwa kosa la dakika ile ni kumpiga mgeni ambaye bado yuko njiani.

Prosesa ya laptop, hata ya miaka kumi iliyopita, inapiga hatua zaidi ya bilioni moja kwa sekunde. Ikikaa dakika nane bila kukufungulia, si kwamba imeelemewa na kazi. Inangoja. Ufundi wote ninaousema hapa uko katika kutambua inamngoja nani, na kama huyo anayengojwa atakuja.

Nilikaa kwenye kibanda cha fundi mmoja kijana siku alipoletewa laptop na mama anayenunua samaki kwenye ziwa Tshangalele, upande wa Kapolowe, na kuwauza Likasi. Ndani ya laptop mna madeni: nani amechukua samaki wa kukausha, nani amelipa nusu. Mashine ilitumwa na mtoto wake aliyeko Ubelgiji. "Mwanangu," alisema, "naiwasha, naenda kusonga bukari, narudi, ingali inazunguka." Kijana akaigeuza kwanza, akasoma kibandiko kilichofifia chini yake: namba ya mali ya ofisi, kwa Kifaransa. Akatabasamu. Kabla hajaiwasha alikuwa tayari ana dhana, lakini hakuitaja, na hilo nalo ni sehemu ya ufundi.

Ilipowaka, baada ya nembo zilitokea herufi nyeupe juu ya weusi, mstari baada ya mstari, na kialama kidogo kikizunguka. Mama yule alikuwa akiziona kila siku akidhani ni mashine inajipanga. Kumbe ilikuwa inatafuta seva. Katika ofisi kubwa kompyuta huweza kupangiwa ianzie kwenye mtandao kabla ya kuangalia diski yake, ili wasimamizi waweze kuiwekea mfumo kutoka mbali. Mashine hii ilivuka bahari, ikafika Katanga, ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki, na bado kila asubuhi ilikuwa inabisha hodi kwenye ofisi iliyoiuza. Inaita, inasikiliza, inaita tena kwa njia nyingine, inakata tamaa, ndipo inakumbuka kwamba ina diski. Karibu dakika nzima ilipotea hapo. Kijana aliingia kwenye mipangilio ya ubao mama, akapandisha diski ikawa ya kwanza, akauzima mlango wa mtandao, akahifadhi. Vidole vilifanya kazi kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuandika sentensi hii.

Hakuendelea papo hapo na jambo la pili. Aliiwasha tena, akaipima tena. Watu wengi wenye haraka hubadilisha vitu vitano kwa mkupuo, mashine ikapona, wasijue kilichoiponya. Ikiugua tena wanaanza upya gizani. Kubadilisha kitu kimoja na kupima kunachosha kutazama, na nadhani ndiyo sababu hakuna anayeisifu kazi hiyo.

Kuchelewa kwa pili kulikuwa baada ya neno la siri. Sababu ilikuwa ya ukoo uleule: Windows ilikuwa bado imeunganishwa na kabati la mafaili la ofisi ile na printa yake, ikisimama kuvingoja vyote viwili. Hapa hakubahatisha. Windows huandika kumbukumbu za kuwaka kwake. Kwenye kitazamio cha matukio, chini ya sehemu ya utendaji, tukio namba 100 linaeleza kuwaka kulichukua milisekunde ngapi, na namba 101 linataja programu iliyochelewesha kupita kawaida. Mafundi wa aina ya kwanza hawafungui ukurasa huo kamwe. Mashine imeungama kwa maandishi, na wao wanaihukumu kwa uso.

Ila maungamo nayo yanataka msomaji. Wenye Linux wana amri ya systemd, msimamizi wa kuwaka kwa mfumo huo, nayo inaorodhesha huduma zote kwa muda ambao kila moja ilitumia kuanza, kuanzia iliyokawia zaidi. Anayeiona mara ya kwanza hufurahi: mshtakiwa huyu hapa, mstari wa juu! Lakini mwongozo wa amri hiyohiyo unaonya kwamba orodha inaweza kupotosha, kwa sababu huduma inaweza kuonekana nzito kumbe ilikuwa imesimama inaingoja nyingine. Aliyechelewa siye lazima aliyechelewesha. Kwa hiyo kuna amri ya pili, inayoonyesha mnyororo wa nani alimngoja nani. Fundi hasa anasoma mnyororo.

Kijana alipokwisha kuviondoa viungo vya kabati na printa za ofisi ile, mashine ilibaki na uzito mmoja, wa mwisho, na huo ndio unaozipata nyingi za mtumba. Kijana aliweka kiganja upande wa kushoto, pale mkono unapoegemea wakati wa kuandika. Diski iko chini yake. Akanishika mkono, akauweka palepale, nikasikia mtetemo mwembamba na, kila baada ya muda, kitu kama kucha ikikwaruza. Kisha akafungua kidhibiti cha kazi kwa Ctrl, Shift na Esc. Diski: asilimia 100. Prosesa: asilimia 5.

"Ona, Mama. Huyu mwenye nguvu amekaa bure. Anamngoja yule."

Diski ya kawaida ya laptop huzunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi. Kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi kwenye mstari wake, kisha kingoje kipande kinachotakiwa kizunguke mpaka chini yake. Vipande vikiwa vimetawanyika, diski haifikishi hata mia kwa sekunde, na Windows ikiamka inaomba vipande vidogo kwa maelfu. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Inajibu ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde. Ndiyo maana kuibadilisha diski ni dawa inayoshinda nyingine zote kwa mashine ya zamani, kushinda RAM, kushinda kufuta. (Utando wa sumaku unaoshika maandishi juu ya diski ya kuzunguka ni mchanganyiko wenye kobalti ndani yake. Viwanda vya Shituru, hapahapa Likasi, vimekuwa vikisafisha shaba na kobalti tangu enzi za kampuni ya kikoloni ya Union Minière. Sijengi hoja juu ya hilo, ila ni vigumu kukaa Likasi, kushika diski mkononi, na kutolifikiria.)

Ule mkwaruzo ndio uliomfanya kijana aache mengine yote. Diski nyingi huhesabu zenyewe sehemu zao zilizokufa na kuhamishiwa kwingine. Aliiangalia hesabu hiyo, akanyamaza, akachomeka diski ya nje na kuanza kunakili madeni ya samaki. Hapo ndipo hasira yangu dhidi ya mafundi wa "tuiformati" inapopata sababu. Kuformati na kuweka mfumo mpya juu ya diski inayokufa ni kuilazimisha iandike magigabaiti wakati nguvu zake zilizobaki zingetosha kuokoa mafaili ya mtu. Mteja hurudishiwa mashine inayowaka vizuri wiki chache, kisha haiwaki kabisa, na kilichokuwemo hakimo.

Kuna jambo la umeme, nalo hapa ni kubwa kuliko vitabu vinavyodhani. Tshangalele yenyewe ni ziwa la umeme. Lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, juu ya maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet, kwa jina la mwanajiolojia Jules Cornet. Mtambo ulianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Ulikarabatiwa kwa ubia wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na kampuni ya migodi ya Ivanhoe Mines, na tangu 2021 mashine zake sita zinaweza kutoa megawati 78 hivi, huku mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi ukihesabiwa miongoni mwa walaji wake wakuu. Nyumbani kwa watu umeme ni mgeni: unakuja, unaaga, au hauagi. Na laptop ya mtumba kwa kawaida betri yake imekufa, hivyo umeme ukikatika nayo inaanguka palepale, katikati ya kuandika. Windows ina daftari la mabadiliko linaloisaidia kujirekebisha haraka baada ya kuanguka. Lakini ikianguka mara nyingi, siku moja inaamua kukagua diski nzima, asilimia zinapanda kwa kujivuta, mwenye mashine anachoka, anabonyeza kitufe mpaka inazimika, na ukaguzi unarudi mwanzo. Kwa hiyo kijana huyu, mtu akimwuliza kitu gani cha kwanza cha kununua, mara nyingi hujibu: betri. Jibu hilo hulipati California.

Hata hivyo California nao wana kisa chao. Mwaka 1983, Steve Jobs wa Apple alimwendea Larry Kenyon, mhandisi wa kompyuta ya Macintosh, akilalamika kwamba mashine inachelewa kuwaka. Andy Hertzfeld, aliyekuwa kwenye kundi lile, amesimulia hesabu ya Jobs: watumiaji milioni 5, sekunde 10 kila mmoja, kila siku, jumlisha kwa mwaka, ni maisha ya watu kadhaa. Kundi lile likapunguza zaidi ya sekunde 10. Hesabu nzuri, lakini ni ya watu ambao umeme wao hauna saa. Umeme ukirudi kwa saa mbili tu jioni, dakika nane za kuwaka ni sehemu moja ya kumi na tano ya kazi yote unayoweza kufanya siku hiyo.

Wala si kila kungoja ni ugonjwa. Kule Mwadingusha mtambo hauwashwi kwa kidole kimoja: maji yanafunguliwa kidogo kidogo, turbini inapanda hadi kasi yake, mizunguko ya umeme inalinganishwa na ile ya gridi, mara 50 kwa sekunde, ndipo swichi inafungwa. Ukiiharakisha hatua moja unavunja chuma. Kompyuta nayo ina kungoja kwake kwa halali, kila sehemu ikimpisha anayepaswa kutangulia. Fundi hakuondoi kungoja huko. Anamtafuta yule anayengojwa na ambaye hatakuja: seva ya ofisi iliyouza mashine, printa iliyobaki ng'ambo, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama iliyoisha ikasahau saa, na mashine ikawa inasimama kila asubuhi kungoja mtu abonyeze F1. Programu zinazojianzisha zenyewe nazitaja kwa kupita. Kila mtu anazijua, kidhibiti cha kazi kina orodha yake, na kuwa na antivairasi mbili zinazochunguzana ni kujitakia.

Mama wa samaki alirudi siku ya tatu. Diski mpya ya SSD alikuwa ameilipia mapema, hiyo haikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya kazi. "Lakini nilikuwa nakuona, mwanangu. Ulikuwa unabonyeza tu." Kijana akaigeuza laptop. Kando ya kile kibandiko cha ofisi ya kigeni alikuwa amebandika kipande cha utepe, na juu yake ameandika kwa kalamu tarehe na nyakati mbili: dakika 8 kasoro, na sekunde 35. Mama akaiwasha mwenyewe, akahesabu kwa sauti, akafungua madeni yake, akayakuta yote, mpaka la jirani ambalo pengine angependa lipotee. Akalipa, baada ya kupunguziwa.

Kisha akauliza juu ya lile tangazo linalomwambia Windows 10 imefika mwisho. Kijana akamweleza kwamba tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia bure kama zamani, kwamba Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine hii haina, na kwamba anaweza kumwekea Linux, madeni yakabaki yalivyo, ila vitufe vitabadilika sura. Mama akaifunga laptop, akaitia kwenye mfuko wake wa sokoni, akasema atampigia kwanza mtoto aliyeituma.