Udongo Nyuma ya Madhabahu

Ukuta ulio nyuma ya madhabahu yetu umeanza kubanduka rangi. Picha ile tuliichangia wenyewe, kwa hiyo lawama ni yetu. Kibo imepakwa buluu ya kung'aa, migomba ina kijani cha maua ya plastiki, na Bwana Yesu amepewa wekundu wa waridi usioonekana kwa mtu yeyote tunayemjua. Udongo haumo kabisa, kana kwamba watu wa Uru na Kibosho hawajawahi kuingia kanisani na vumbi miguuni.

Kasoro hiyo tuliiona vizuri zaidi tuliporudi kutoka Kolo, wilayani Kondoa, kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wapo walioguna safarini: tunafuata nini kwenye picha za watu wasiomjua Kristo, mahali ambapo wengine bado hufanyia matambiko? Swali ni la haki. Lakini mbele ya mwamba minong'ono iliisha. Watu wembamba, warefu kupita kawaida, na wanyama wa porini, wamechorwa kwa kahawia iliyoelekea wekundu. Mchoraji hakuwa na duka. Rangi yake ni udongo wenye chuma kilichoshika kutu, na kutu haipauki kwa jua. Ndiyo maana kazi imevuka vizazi vingi. Tena hakujaza kila nafasi. Aliuacha mwamba wenyewe uwe hewa na mwanga. Ukuta wetu umejazwa mpaka pembeni, hauna pa kupumulia.

Wala si jambo la watu wa kale tu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, hapa hapa mlimani, mwaka 1959 alichora maisha ya Yesu katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya. Watu wengi hubishania ngozi ya Yesu yule Mwafrika. Sisi kilichotugusa ni kwamba anaikanyaga ardhi ya waumini wake.

Nasi twasoma kila mwaka kwamba Adamu alifinyangwa kwa mavumbi, na kwamba Bwana alitengeneza tope kwa mate, akampaka kipofu machoni. Mchoraji ataitambua kazi ile: udongo, na kitu cha kuushika.

Tumejaribu. Udongo wa shambani tuliukausha, tukauponda, tukaukoroga majini. Changarawe zikazama, maji ya juu yenye chembe laini tukayamimina pembeni yatuame. Ule wa manjano, ukikaangwa juu ya mkaa, hugeuka mwekundu. Tukaushika kwa kiini cha yai. Kibao cha kwanza kilipata nyufa, tulipaka nene mno. Cha pili kimetulia, rangi ya buni iliyokaangwa. (Kahawia ni mtoto wa kahawa, mkulima wa hapa asiionee haya.)

Kamati ya ujenzi inataka rangi ya mafuta, kwa kuwa hufutika kwa kitambaa. Hoja hiyo ina uzito, maana rangi yetu haipendi kusuguliwa kwa maji. Lakini nani husugua ukuta ule? Tunautazama tu, Jumapili baada ya Jumapili. Buluu hatukuipata shambani. Pale juu ya Kibo tumependekeza ibaki chokaa tupu.