Sifuri Inayopotea Mpakani: Kuigeuza Kadhia ya XML kuwa Data ya Kazi

Mzigo unaotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lusaka au Lubumbashi kupitia mpaka wa Tunduma hukutana hapo na mifumo miwili ya forodha. Upande wa Tanzania kuna TANCIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) uliochukua nafasi ya ASYCUDA++. Ng'ambo, Nakonde, Mamlaka ya Mapato ya Zambia inatumia ASYCUDA World, mrithi wa programu ambayo UNCTAD ilianza kuijenga mwaka 1981. Mfumo huu wa pili unaweza kutoa kadhia nzima, yaani tamko la forodha, kama faili la XML. Wakala mwenye mafaili mia kadhaa ya namna hiyo anataka jambo moja tu: yaingie kwenye rejista yake bila mtu kuketi kuyaandika upya.

Kwa Python, kulisoma faili si kazi. ElementTree, maktaba aliyoiandika Fredrik Lundh, imo ndani ya Python tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006. Kazi ni kuamua kila kilichosomwa ni kitu gani, kwa sababu ndani ya XML kila kitu ni maandishi: uzito ni maandishi, bei ni maandishi, hata pengo lina maandishi yake. Programu nyingi huuahirisha uamuzi huo na kuusambaza kila kona, na humo ndimo makosa yanamojificha.

Tuanze na mtego wa msimbo wa HS, yaani namba ya kuainisha bidhaa forodhani. Maharage mekundu yamo katika 0713.33, na kwa tarakimu nane msimbo unaweza kusomeka hivi:

<Commodity_code>07133300</Commodity_code>

Mwandishi wa programu akiona tarakimu tupu, mkono unakwenda wenyewe kwenye int(). Matokeo ni 7133300. Rejista inayopanga bidhaa kwa tarakimu mbili za mwanzo sasa itaitafuta sura ya 71, ambayo ni ya lulu, vito na dhahabu, badala ya sura ya 07 ya mboga. Ubaya wake ni kwamba jaribio linaweza kupita salama. Mchele ni 1006, shaba iliyosafishwa ni 7403. Misimbo hiyo haina sifuri ya kupoteza. Programu itaonekana nzima hadi siku ya maharage. Kanuni ni fupi: namba isiyojumlishwa wala kuzidishwa ni jina, na jina hubaki maandishi.

Mtego wa pili ni idadi. Wengi hupenda xmltodict kwa sababu inaigeuza XML kuwa kamusi ya Python kwa mstari mmoja. Kadhia ikiwa na Item (bidhaa) tatu, unapata orodha ya kamusi tatu. Ikiwa na Item moja, unapata kamusi yenyewe bila orodha, na kitanzi chako kinaanza kuzunguka juu ya majina ya sehemu badala ya bidhaa. Kwenye barabara hii, ambako lori la mafuta hubeba bidhaa moja tu, hilo si jambo la nadra. xmltodict ina dawa yake, force_list, lakini ni lazima ukumbuke kuiandika. findall ya ElementTree hurudisha orodha daima, iwe na kitu kimoja au isiwe na kitu.

Mtego wa tatu ni pengo. ASYCUDA World huweza kuandika <null/> ndani ya sehemu isiyojazwa. Ukiomba maandishi yake unapata hewa, na mtu akiigeuza hewa hiyo kuwa sifuri, mzigo ambao uzito wake haukuandikwa unakuwa mzigo usio na uzito. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Tunduma yenyewe ina mfano wa namna ya kulitatua hili. Tangu marais wa wakati huo, Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia, wazindue kituo cha pamoja cha huduma mpakani tarehe 5 Oktoba 2019, utaratibu ni gari kukaguliwa mara moja, upande linakoingia. Data nayo ikaguliwe hivyo, mlangoni:

def soma(e, njia):
    n = e.find(njia)
    if n is None or n.find('null') is not None:
        return None
    return (n.text or '').strip() or None

@dataclass
class Bidhaa:
    msimbo: str
    uzito: Decimal | None

Tazama "n is None". Ukiandika "if not n", Python huhesabu elementi isiyo na watoto kuwa si kweli, hata kama ina maandishi. Msimbo halali utatupwa. Decimal nayo ina sababu: kwa float, kujumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na hesabu ya ushuru haivumilii mkia huo.

Kiasi cha fedha kisiachwe peke yake pia. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha, na alama ya ZMK ikawa ZMW. Kiasi kisichobeba sarafu yake kinaweza kupotoka mara elfu, kwa hiyo viwili hivyo viishi ndani ya objekti moja.

Mwisho, kadhia hujitaja yenyewe: kichwani ina Total_number_of_items. Linganisha namba hiyo na idadi ya objekti ulizotengeneza. Zikitofautiana, lizuie faili lisiingie kwenye rejista. Ukaguzi huo ni mstari mmoja, na ndio pekee unaotumia ushahidi ambao programu yako haikuutengeneza.