Dakika Mbili za Mtabiri

Sikiliza redio za mjini taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapofika mwisho. Michezo imesomwa, tangazo la mikopo limepita, kisha hali ya hewa inakuja mbiombio: Dar es Salaam nyuzi joto 31, Mwanza 28, Mbeya 22, na taarifa hii mmeletewa na kampuni fulani ya saruji. Muziki unaingia kabla namba ya mwisho haijatua. Mtangazaji kaisoma kwenye simu yake, kutoka kwenye programu iliyotengenezwa mbali, isiyojua kwamba Dar es Salaam ina Bunju na ina Mbagala, na kwamba mvua ya Aprili inaweza kuwafungia watu wa Ubungo chini ya vibanda huku wa Kigamboni wakianika dagaa.

Simu hazina kosa. Ninachokililia ni kazi iliyokuwa ikifanyika pale kabla ya simu, ambayo hatujawahi kuipa heshima ya kuiita ufundi. Tunamsifu mchonga milango wa Unguja. Tunamsifu fundi wa majahazi anayekadiria ubao kwa jicho tu. Lakini mtu anayekaa mbele ya kipaza sauti na kuiambia nchi nzima kesho itakuwaje, huyo tunamcheka. Wakisema mvua, anika nguo! Mzaha huo ni mkubwa kwa umri kuliko wengi wanaoutoa.

Nilipata kuruhusiwa kukaa nyuma ya mtabiri mmoja alipokuwa akiandaa taarifa ya jioni. Mezani alikuwa na vitu vya kumjaza mtu kiburi: picha za satelaiti zilizoonyesha mawingu tangu alfajiri, ramani za upepo, mahali ukandamvua ulipokaa siku hiyo, joto la maji magharibi mwa Bahari ya Hindi, mgandamizo mkubwa wa hewa kule kusini mwa bahari hiyo, na vipimo vya mvua vilivyosomwa vituoni saa tatu asubuhi, pale mtu anapoinama kwenye kipimamvua, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akaandika. Angeweza kuisoma yote hewani akaonekana msomi. Hakuisoma. Aliandika kwa kalamu kwamba mvua itanyesha katika baadhi ya maeneo ya Tanga, akatulia, akapiga simu kituoni Tanga, akauliza mawingu yamekaaje upande wa Usambara, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akafuta, akaandika maeneo machache. Anayesikiliza kwa juu juu hataona tofauti. Mwenye mahindi yaliyotandazwa uani Korogwe ataiona.

Halafu akaisoma kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, akikata. Joto la bahari likatoka; hilo lilikuwa lake yeye na wenzake, halikumhusu mama aliyeanika mpunga. Kasi ya upepo ikabaki, kwa sababu kuna wenye ngalawa. Mtu asiyeujua ufundi huu hudhani kazi ni kupata habari. Habari zipo, tena siku hizi ni tele kuliko wakati wowote. Kazi ni kujua lipi la kuacha, na kulisema lililobaki kwa namna ambayo shaka yake inasikika bila kumtia msikilizaji woga wala uvivu.

Chukua milimita. Mvua ya milimita 50 kwa saa 24 ndiyo watabiri wetu huanza kuiita kubwa, lakini ukimwambia mtu wa Jangwani milimita 50 umemwambia nini? Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye bati la mita za mraba 40 itateremsha lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita ishirini, kutoka paa moja, na jirani naye ana paa, na mtaro wa maji wa nyote wawili ni mmoja na umejaa chupa za plastiki. Mtangazaji aliyekomaa anaweza kuyasema hayo kwa sentensi mbili, na mtu akainuka kwenda kuzibua mtaro.

Mimi nililelewa na sauti ya mtangazaji wa namna hiyo. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha Pangani, na redio yake ilikaa dirishani juu ya kitambaa alichokifuma bibi. Taarifa ya habari alikuwa akiisikiliza nusunusu. Mambo ya mawaziri aliyaacha yapite. Ilipofika hali ya hewa, hakuna mtoto aliyethubutu kuvuta hata kigoda. Sauti ile haikuwa na haraka. Ilianza bara, ikazunguka kanda kwa kanda, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na kila nyumba nchini ilikuwa ikingoja jina lake: Kanda ya Ziwa, Kanda ya Magharibi, Kanda ya Kati, Nyanda za Juu Kusini Magharibi, mpaka ikateremka Pwani. Pwani ya Kaskazini kwanza, kisha ya Kusini, na katikati yake kituo kifupi, cha pumzi moja tu. Mpaka leo naamini kituo kile kiliwekwa kwa makusudi, ili aliye Mtwara apate kujua kwamba sasa ni zamu yake.

Kisha upepo wa bahari: unatoka wapi, kilomita ngapi kwa saa, mawimbi madogo au makubwa kiasi. Hapo babu alikuwa akiijibu redio. Akiambiwa kusi litavuma, atasema ndiyo, nimelisikia tangu juzi. Akiambiwa jambo asilolikubali, atauliza kwa ukali, “Kusi gani hilo, na mwongo wenyewe haujafika?” Maana alikuwa na hesabu yake. Alihesabu mwaka wa Nairuzi, siku 365 zikikatwa miongo ya siku kumi kumi, na alijua ni mwongo upi kaskazi huanza kulegea na upi bahari huchafuka. Walio wengi leo wangedhani mzee wa namna hiyo aliidharau redio, au redio ilikuja kumfuta mzee. Haikuwa hivyo. Alizipima hesabu mbili, moja ya kurithi na moja ya hewani, na zilipopingana hakutweka tanga. Zilipokubaliana alilala mapema ili awahi maji. Sauti ile ilimpa mtu wa kushauriana naye, na kwa nahodha hilo si dogo.

Ndiyo maana nasema ule ulikuwa ufundi na si usomaji tu. Mtangazaji aliyekuwa Dar es Salaam alijua kwamba upande wa pili kuna mtu mwenye elimu yake, akasema naye kwa adabu. Huko Kenya magharibi, katika nchi ya Banyore, ukoo wa Nganyi unaojulikana kwa kuitabiri mvua ulifikia hatua ya kukaa meza moja na wanasayansi wa Idara ya Hali ya Hewa, wakalinganisha utabiri wao kabla ya kuutoa kwa wananchi, na redio ya jamii ikawekwa hukohuko. Idara hiyohiyo ilianzisha kituo cha redio cha RANET kule Kangema, Murang'a, watu wasikie habari za mvua kwa lugha ya nyumbani. Aliyebuni hayo alielewa kwamba utabiri usiokuwa na sauti ya mahali unakufa njiani.

Historia ya kazi hii kwetu si ndefu sana. Waingereza walianzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao yake Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na vipimamvua vyake. Lakini ukitaka kujua thamani ya sauti hii, rudi nyuma zaidi. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu kwa maelfu na kuziharibu merikebu za Sayyid Barghash bandarini. Hakuna aliyeonywa. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikiielekea Mafia, na siku kadhaa kabla yake nchi nzima ilikwishalijua jina lake; boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Sijasikia aliyewashukuru watabiri. Aprili 2021, Kimbunga Jobo kilipopoteza nguvu kabla ya kuifikia pwani yetu, hapo walikumbukwa, kwa vicheko. Wao wakarudi hewani kesho yake kusoma upepo na mawimbi kwa sauti ileile.

Mahali ambapo uzembe wa sasa unaniuma zaidi ni ziwani. Ziwa Victoria lina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kwenda bara, mawingu ya radi yakajengeka juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, pepo zinashuka ziwani kutoka pande zote na kukutana katikati, zinainua unyevu, na dhoruba inazaliwa juu ya maji yenyewe usiku wa manane hadi karibu na mapambazuko. Saa hizo ndizo za wavuvi wa dagaa, ambao hutafuta usiku usio na mwezi ili taa zao zivute samaki. Kwa hiyo mtangazaji wa Mwanza, Musoma au Bukoba anayesoma onyo la radi baada ya saa mbili usiku anawasomea wake zao. Wenyewe wamekwishaondoka. Mtabiri anaweza kuwa amepatia kila kitu, dhoruba ikaja palepale aliposema, na utabiri wake usimfae mtu, kwa sababu tu aliyepanga vipindi hajawahi kukanyaga mwaloni jioni.

Na kuna utabiri wa msimu, ambao ndio mgumu kuliko wote kuusema. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana kuafikiana juu ya mvua zijazo, na leo kazi hiyo inaratibiwa na ICPAC, kituo cha IGAD kilichoko Nairobi. Wanachokitoa hakisemi mvua itanyesha wala haitanyesha. Kinatoa mafungu matatu, juu ya wastani, wastani na chini ya wastani, kila fungu na asilimia yake. Ukiambiwa 45, 30 na 25, gazeti la kesho litaandika kwa herufi kubwa kwamba mvua kubwa zaja. Ile 25 imetupwa, na ndiyo inayomwambia mkulima asilipande shamba zima kwa mbegu moja.

Oktoba 2023 huko Kenya tuliona linalotokea pale karatasi ya wataalamu inapovuka kwenda kwa wananchi bila fundi wa kuivusha. Utabiri wa msimu ulikuwa umeelekea kwenye mvua za juu ya wastani. Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba El Niño ile iliyohofiwa haiji, kwamba mvua hazitafika kiwango cha kuharibu. Novemba mafuriko yakaja, na waliokufa wakapita 100. Jina El Niño lilikuwa limebebeshwa mzigo wote. Likiwapo ni maangamizi, lisipokuwapo ni amani. Wale wanaosoma mafungu matatu kwa utulivu, mwaka baada ya mwaka, mpaka masikio ya watu yakazoea kuisikia shaka na kuifanyia kazi, tulikuwa tumekwishawaondoa studio.

Marekani, pamoja na kelele zote za televisheni zao, ufundi huu waliutambua mapema. Chama chao cha hali ya hewa kilianzisha muhuri wa kuwaidhinisha watabiri wa redio na televisheni mwaka 1957, na mtazamaji alipouona alijua kwamba huyu amepimwa na wenzake. Mwaka 2010, kule Columbia, South Carolina, mtabiri Jim Gandy alianza kupewa na wanasayansi vielelezo vya mabadiliko ya tabianchi vilivyotengenezwa kwa ajili ya mji wake, akavisoma ndani ya utabiri wa kila siku: joto la hapa, mimea ya hapa. Mpango ule ulienea vituo vingi. Sisi malighafi tunayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kila siku kwa Kiswahili kilichonyooka, na angalizo lake la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili haligharimu kituo cha redio hata shilingi. Kabla ya misimu huwaita waandishi, ikawafundisha. Wanaporudi vituoni mwao wanakuta hata zile sekunde ishirini za hali ya hewa zimekwishauzwa.

Wahariri na wenye vituo, rudisheni dakika mbili za mtabiri. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo akae nayo miaka, isiwe zamu ya yeyote aliyebaki ofisini. Mwacheni aiite kanda kwa kanda, aseme baadhi na aseme machache, na msimwekee muziki chini ya sauti yake. Na ninyi mlio kando ya ziwa, isomeni taarifa hiyo saa kumi jioni, kabla mitumbwi haijaondoka.