Jinsi Reli Ilivyofika Morogoro

Milima ya Uluguru imesimama kama ukuta kusini mwa mji wa Morogoro, na vilele vyake vinapita mita 2,600. Wajerumani waliopima njia ya reli kutoka Dar es Salaam hawakuuparamia ukuta huo. Waliupitia ubavuni, upande wa kaskazini. Njia huvuka Mto Ruvu, kisha hupanda polepole kupitia Ngerengere hadi Morogoro, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Uamuzi huo ulipunguza miinuko mikali, ila uliiweka reli pale pale yanapopita maji yanayoshuka kutoka Uluguru.

Ujenzi ulianza Februari 1905 chini ya mkandarasi Philipp Holzmann wa Frankfurt. Geji ilikuwa mita 1. Vyuma na injini vilishushwa bandarini Dar es Salaam na kupelekwa mbele kwa njia ileile iliyokwisha kutandikwa, kwa hiyo kila kipande kilichokamilika kilibeba vifaa vya kipande kinachofuata. Mataruma yalikuwa ya chuma, kwa kuwa ya mbao yangeliwa na mchwa. Matuta yaliinuliwa kwa nguvu za mikono ya Waafrika, na jasho lao ndilo linalostahili kutajwa kwanza kila reli hii inaposifiwa. Desemba 1907 treni ilifika Morogoro: kilomita 200 hivi kwa muda usiotimia miaka mitatu, tena miaka ya Vita vya Maji Maji. Kigoma ilifikiwa mwaka 1914.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha mahali reli ilipokuwa dhaifu. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916 walibomoa madaraja, na Waingereza walioingia Morogoro tarehe 26 Agosti walikuta njia ipo lakini injini za kuitumia hazipo. Mafundi wa jeshi wakayavua malori matairi, wakayafunga magurudumu ya chuma na kuyaendesha juu ya reli yakivuta mabehewa ya chakula na risasi kuelekea Dodoma.

Adui wa kudumu, hata hivyo, amekuwa mafuriko, hasa baada ya Kilosa, ambako njia imebanwa kando ya Mto Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba tuta na kusimamisha safari.

Reli mpya ya umeme, yenye geji ya milimita 1,435, imepita kaskazini mwa Uluguru vilevile, lakini kwa hesabu nyingine. Treni ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kufuata kila kona ya bonde, hivyo njia imenyooshwa: vilima vimekatwa, mabonde yamejazwa au kuvukwa kwa madaraja marefu, na wilayani Kilosa yamechimbwa mahandaki manne. Abiria walianza kusafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Njia ya zamani haijang'olewa. Bado inapitisha mizigo.