Pongezi kwa Wapigapicha Wasiongoja Mteja

Nawapongeza kwa dhati vijana wanaojifunza kupiga picha za bidhaa za michezo kabla hata kampuni moja haijawaita. Kiatu cha kukimbilia cha mtumba kutoka soko la Gikomba au la Karume, karatasi ya manila iliyopindwa nyuma yake isiache mstari, dirisha lenye pazia jepesi: hiyo ndiyo studio. Soli husuguliwa kwa mswaki, magazeti hujazwa ndani kiatu kisinywee, na kamba huinuliwa kwa uzi wa mshipi ambao baadaye hufutwa kwenye kompyuta.

Mpira ndio mtihani hasa. Ule wa Telstar, wa Kombe la Dunia la 1970, ulikuwa na vipande 32, vyeusi 12 na vyeupe 20, ili uonekane vizuri kwenye televisheni zisizo na rangi. Anayepiga picha ya mpira wa aina hiyo sharti alinde weupe usipotee na weusi usifiche mishono. Mwanga ukitoka mbele, mpira hugeuka sahani. Ukitoka ubavuni, uviringo hurudi. Kadibodi nyeupe upande wa pili hupunguza ukali wa kivuli. Ujuzi huu haupatikani ila kwa kurudia.

Nawaheshimu zaidi wale wanaoandika wazi kwenye jalada lao la kazi kwamba picha ni ya mazoezi, si tangazo lililolipiwa na Nike au Adidas. Wenye maduka ya jezi, waiteni hawa, na muwalipe.