Breki ya Mkono Ikilia, Shokapu Ikigonga: Namna ya Kumtambua Fundi Mwenye Sikio

Asubuhi ya Julai, bodaboda inayoteremka kutoka Ilboru kuingia Sanawari, Arusha, hulia kwii mara mbili tatu dereva anapobana breki ya mkono, kisha hunyamaza mpaka kesho yake. Fundi mwenye haraka atafungua gurudumu na kumuuzia breki shuu mpya. Fundi anayeijua kazi atamwambia aendelee na safari. Usiku wa baridi chini ya Mlima Meru huacha umande, chuma cha ngoma ya breki hushika kutu nyepesi, na breki za kwanza huisugua ikaisha.

Fundi wa namna hiyo, kabla hajashika spana, huuliza mlio unatokea wakati gani: breki ikibanwa, gurudumu likizunguka tu, au pikipiki ikipita kwenye tuta? Nyakati hizo tatu hutenganisha sehemu kubwa ya matatizo ya upande wa mbele wa pikipiki, na mteja anayezijua si rahisi kuuziwa kifaa asichokihitaji.

Arusha haiionei huruma sehemu hiyo ya pikipiki. Jiji liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na mlima una mita 4,566, kwa hiyo njia za Ilboru, Sekei na Olkokola ni kupanda na kushuka. Upande wa Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki kuna vumbi laini la volkano linaloingia kila penye upenyo, na masika huligeuza tope. Pikipiki nyingi za biashara, zikiwemo Boxer za Bajaj na HLX za TVS, zina breki ya mbele ya ngoma inayovutwa kwa waya. Ngoma hiyo haijazibwa kabisa. Vumbi likishaingia, halitoki lenyewe.

Breki ikibanwa

Kilio chembamba, kirefu, kinachoendelea hata ngoma ikiwa kavu na imeshapata moto, mara nyingi ni cha shuu zilizoiva. Dereva akishuka kutoka Olkokola hadi Ngaramtoni huku amebana breki kidogo njia nzima, joto hulifanya tabaka la msuguano liwe gumu na laini juu. Joto hilo hilo huitanua ngoma, ndiyo maana mkono wa breki huanza kukaribia mshikio. Gurudumu likifunguliwa, shuu nzima huonekana butu na kavu. Iliyoiva hung'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi.

Kama unene bado upo, fundi huipitisha msasa mpaka ung'aavu uondoke. Kama imelowa grisi au oili, haifai tena, maana mafuta yameshaingia ndani. Hapo fundi mzuri hutafuta yalikotoka. Mara nyingi ni grisi iliyojazwa kupita kiasi kwenye kemu ya breki au kwenye gia ya spidomita, ambayo joto liliiyeyusha ikatiririka. Kemu inahitaji grisi kidogo tu.

Namna anavyosafisha nayo husema mengi. Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa kuwa baadhi ya shuu, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto, na chembe zake hudhuru mapafu. Hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Mkwaruzo mzito wa chuma ni habari nyingine. Unaweza kuwa mchanga, unaweza kuwa tabaka limekwisha na chuma kinakula ngoma. Pikipiki nyingi za ngoma zina mshale mdogo kwenye mkono wa kemu. Breki ikibanwa na mshale ukapita alama, shuu zimekwisha, hata kama waya bado unakazika. Kuendelea kukaza waya ni kuficha tatizo.

Kwa breki za diski, kilio chembamba hutoka kwenye pedi zilizoiva au kalipa iliyokauka pini zake ikashindwa kuteleza. Mlio unaorudi mara moja kila mzunguko wa gurudumu humwelekeza fundi kwenye diski iliyopinda. Mkwaruzo wa chuma ukisikika hapa, pikipiki isimame hapo hapo.

Gurudumu likizunguka tu

Ngurumo inayoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na isiyojali breki, ni ya beringi za gurudumu. Fundi huweka pikipiki kwenye stendi kubwa, huinua gurudumu la mbele, kisha hulishika rimu juu na chini na kulisukuma kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekwisha. Lisipocheza, hulizungusha taratibu huku kiganja kimegusa shokapu karibu na ekseli; beringi mbovu hutetemesha mkono kabla haijasikika masikioni.

Kuna pia ule mlio wa tik-tik-tik unaowasumbua wengi. Kwenye pikipiki ambazo spidomita huendeshwa kutoka gurudumu la mbele, fundi hufungua waya wake na kuiendesha pikipiki kidogo. Mlio ukitoweka, hakuna sababu ya kugusa breki wala beringi.

Kwenye tuta, na breki ikikamata ghafla

Ko! moja fupi breki inapokamata humfanya dereva alaumu shokapu, kumbe mara nyingi ni gololi za usukani zilizolegea. Kipimo chake kinahitaji mikono tu. Gurudumu likiwa juu, fundi hushika ncha za chini za shokapu na kuzivuta mbele na nyuma, kidole cha mtu wa pili kikiwa kwenye mwanya wa chini ya kichwa cha usukani. Mwanya ukichezacheza chini ya kidole, gololi zimelegea. Ukitulia na bado kuna mchezo chini yake, mabomba ya shokapu yamelika pale yanapoteleza.

Halafu usukani hugeuzwa taratibu kutoka upande hadi upande. Ukikwama kidogo katikati kabisa, vikombe vya gololi vimechimbika, kwa sababu pikipiki hutembea muda mwingi usukani ukiwa umenyooka. Kukaza nati hakutibu hilo; pikipiki itaanza kuyumba njiani.

Mgongano unaosikika shokapu inaporudi juu baada ya tuta huashiria oili iliyopungua. Oili ndiyo inayopunguza kasi ya springi. Isipokuwepo, chuma hukutana na chuma. Wapo wanaojaza oili nzito ya injini, na asubuhi ya baridi shokapu hugoma kushuka. Wapo wanaozidisha kipimo, hewa ikakosa nafasi na sili zikapasuka. Fundi makini humwaga oili yote ya zamani, huiangalia kama ina unga wa chuma, kisha hupima kiasi sawa kila upande kufuata kitabu cha pikipiki. Penye diski hukagua pia kama sili inavuja upande huo, maana oili ikishuka mpaka kwenye pedi, mlio wa breki utakuwa umeanzia kwenye shokapu.

Kuikagua kazi iliyokwisha

Shuu mpya nzuri ina tabaka lenye unene sawa kotekote, gundi isiyo na mwanya, na springi mbili zenye mvuto sawa. Fundi anayejali huipaka chaki, huirudisha, huzungusha gurudumu akibana breki kidogo, kisha hufungua tena. Chaki iliyofutika katikati tu au pembeni tu humwonyesha mahali pa kupitisha msasa. Mteja aombe kuoneshwa.

Majaribio ya barabarani yarudie mazingira ya mlio: mteremko ule ule, tuta lile lile, breki nyepesi kisha nzito. Vifaa vya zamani mteja akabidhiwe mkononi. Kwa kilomita mia kadhaa za kwanza breki zitumike kwa upole mpaka shuu zikae. Gololi mpya nazo hujikalisha kwenye vikombe vyake na kuiacha nati imelegea kidogo, kwa hiyo fundi wa kuaminika humpangia mteja siku ya kurudi kukaziwa usukani kabla hajaondoka gereji.